Safu ya Nne

Karani wa usharika hajafika miaka ishirini na mitano.
Ananawa mikono kwanza, kisha anakifungua
kitabu kilichoviringishwa ndani ya gunia la kahawa.
"Kurasa za mwanzo zililiwa na mchwa," anasema,
kama anayeomba radhi kwa niaba ya mchwa.

Nimepanda kutoka Moshi mjini na mvua ya Aprili,
kila kiatu kina kilo nzima ya udongo,
na kichwani jina moja: Ndeanasia,
bibi mzaa babu yangu.
Inasemekana alikuwa mrefu. Inasemekana hakupenda kucheka.
Ukoo wetu unajua kuhesabu,
baba wa baba hadi yule aliyechimba mfongo;
kwa wanawake hesabu huishia jikoni.

Mwandiko ni wa Kijerumani, herufi zimelala ubavu
kama mahindi baada ya upepo.
Karani anazifuata kwa kidole. Alijifunza mwenyewe,
hakuna aliyemlipa.
Namba, jina la zamani, jina jipya...
"Huyu hapa. Siku hiyo akaitwa Rebeka."

Safu ya nne ni ya baba.
Aliye juu yake ana baba. Aliye chini yake ana baba.
Kwake mwandishi amepiga mstari,
mfupi, mnyoofu,
wa mtu aliyeuliza mara moja, akajibiwa kwa kimya,
akachovya kalamu, akaendelea.
Na pembeni, kwa wino uliofifia: *aliletwa*.

Na nani? Kutoka wapi? Kwa mbuzi wangapi?

Sisi, tunaouliza "huyu ni wa kwa nani?"
kabla hatujamaliza kusalimiana.
Sisi, tuliomkatalia Aikande mchumba wake
kwa sababu kwao hakujulikani.

Kihamba kiliuzwa mwaka shangazi alipougua figo.
Mwenyeji wa sasa, Mama Ndeonansia, ananizungusha chini ya mwavuli:
migomba, tangi la maji, banda la ng'ombe.
"Masale yalikuwepo, mstari mzima," anasema,
"ila hatukujua ya mpaka ni yapi, ya wafu ni yapi.
Tuliyang'oa yote." Anasita. "Tungejua, mwanangu..."
Ng'ombe mwenye baka jeupe anacheua, ananitazama.

Nilikuja na jani la sale, lile la kuombea msamaha,
nimelifunga fundo kama nilivyofundishwa.
Sijui nielekee tangi au banda.

Simu inalia. Ni baba mdogo,
yuko kwa fundi wa marumaru, bei ni kwa herufi.
"Umempata? Tuandike Rebeka binti nani?"

Nasema mvua imezidi, sisikii.
Anarudia kwa sauti: "Binti nani?"

Ng'ombe amenyoosha shingo kulifuata jani.
Nalirudisha nyuma kidogo.
Kisha nasimama tu hapo, mkono umening'inia,
maji yakiingia kwenye mkono wa koti.