Haya, Pole

Jina lake tulilisoma kwenye fomu ya usajili
kabla hatujamwona: Chihaya.
Kokushubira akaruka. "Mhaya mwenzangu huyo!
Wa Kamachumu au wa Ihangiro?"
Tukacheka mpaka Kocha Mnzava akapuliza filimbi.
Wa Niigata. Hatukujua ni wapi.
Alikuja na begi moja, na goti moja zima.

La kushoto lilikuwa na mshono mrefu, kama zipu
iliyofungwa na mtu mwenye haraka.
Miaka ishirini na miwili.
Alipokuwa na kumi na mmoja, mama yake alimrushia mpira
mara mia tatu kila jioni, uani, penye theluji.
Theluji alituchorea kwa chaki
kwenye simenti ya Kurasini, huku jasho linamdondoka.
Kumi na minane: mkataba, jezi namba kumi na saba,
timu ya kiwanda cha feni.
Ishirini: aliruka vizuri, akatua vibaya.
Ishirini na mmoja: barua ya mistari mitatu.
Mstari wa tatu, alisema, ulikuwa wa kumshukuru.

Kiwanda cha feni! Na pangaboi la ukumbi wetu
limekufa tangu sijaanza kucheza.
Siku ya pili akaomba ngazi na bisibisi.
Likazunguka. Tukapiga makofi.
Dakika kumi hivi, kisha umeme ukakatika.

Uwanjani alikuwa mpangaji wetu:
mpira wa pili lazima upite vidoleni mwake.
Kwa Mama Mwashamba, Chang'ombe, alikuwa pia mpangaji,
chumba kimoja, kodi ya miezi sita,
na kote kuwili hakuna aliyewahi kumdai.

Kabla ya mazoezi alishika tambara, akapiga deki
kona hadi kona, peke yake.
Mlinzi akauliza, "Mmesajili mchezaji au mfagiaji?"
Mimi ni libero. Kazi yangu ni sakafu,
na miaka minne sikuwahi kuitazama.
Wiki ya tatu nikatafuta tambara langu.

Lakini kulikuwa na hili la pole.
Akipeleka mpira nje, sote tunapaza sauti: "Pole!"
Naye anasimama, anainama, mikono mapajani:
"Hapana, si ninyi. Kosa langu."
Alidhani tunamwomba radhi.
Tunasema pole, anainama; tunarudia, anainama zaidi;
refa anatazama saa.

Nikamkalisha benchini na kachori mbili.
Nikamwambia pole si ya mwenye kosa.
Pole anapewa aliyejikwaa, aliyefiwa,
aliyetoka sokoni na gunia kichwani,
hata anayefua tu, umemkuta anafua.
Hatusemi tumekukosea. Tunasema tumeona.

Akatafuna. Akatafuna muda mrefu.
Kisha akashusha soksi ya goti,
akaweka kidole juu ya ile zipu.
"Hata hii?"
Hiyo hasa, nikasema.

Fainali ya mkoa tulifungwa, seti ya tano,
kumi na tano kwa kumi na tatu.
Juni akaondoka. Daraja la pili kwao,
mshahara mdogo, goti linapimwa kila Jumatatu.

Jana, Kariakoo, dukani kwa bosi wangu,
katikati ya mabomba na koki, nikafungua video aliyotuma.
Binti mmoja, mdogo kuliko wote, mpira unamwangukia miguuni.
Anaanza kuinama.
Namba kumi na saba anamshika bega,
na midomo yake inagusana mara moja, inafunguka.
Sauti ya simu yangu ilikufa zamani.
Huenda ni neno la kwao. Kijapani sikijui.
Nikarudisha nyuma, nikatazama tena, na tena,
hadi mteja akagonga kaunta:
dada, nataka elbo ya nusu inchi,
nimesimama hapa tangu saa ngapi?

Haya, nikamwambia. Pole.