Tangini

Tulizaliwa na kiu ya garimoshi.
Mjerumani alipima pori kwa kamba,
akakadiria maji yaliyobaki tumboni mwa injini
tangu Tabora, akasema: hapa.
Hakutazama udongo wala kivuli,
wala hapakuwa na wa kuulizwa
ila warina asali, nao walikuwa wanapita.

Likasimama tangi juu ya miguu minne ya chuma,
na chini yake akaachwa Kasanda na pampu.
Jirani yake wa kwanza alikuwa Mmanyema,
mvunja kokoto aliyeshuka kujisaidia
treni ikamwacha.
Ndivyo tulivyo hadi leo: nusu yetu tuliwekwa,
nusu tuliachwa.

Ikaja tumbaku na mabani yake,
na kuni, na kuni, na kuni tena,
mininga ikasogea mbali
kama wageni waliochoka kungoja chakula.
Ikaja Operesheni, lori likashusha watu usiku,
Nyamizi akiwa na mlango kichwani:
"Ukuta nimewaachia. Mlango ni wangu."
Ndio huo wa zahanati, ule unaolia.

Mwaka wa dizeli hakuna aliyetutangazia.
Injini ilipita kavu, haina moshi, haina kiu.
Mihambo wa Kasanda alisimama mkono kwenye koki
kama mtu aliyemtengea mgeni maji ya kunawa,
mgeni akashika njia.
Akaendelea kujaza tangi miezi saba,
kwa kuwa mshahara ulikuwa bado unakuja.

Watu wa hapa hawana haraka, ila wanajua dakika.
Muulize Kalunde ugali utaiva lini:
"Mizigo ya jioni ikishapita."
Mizigo ya jioni ilikoma kabla hajaolewa.
Tunagombania matuta ya viazi,
tunazikana bila kuhesabiana,
na tukikudai, tutakuamkia kwanza,
tutakuuliza watoto, mvua, mguu wako,
halafu tutakaa kimya
mpaka ukumbuke mwenyewe.

Tangi lilipokauka, nyuki waliingia kwa tundu la bomba.
Mwaka wa kwanza tulisikia tu chuma kikinguruma,
wengine wakasema ni injini za zamani zinadai maji.
Shirika likaandika barua: tangi ni mali ya Shirika,
na vyote vilivyomo.
Shigela, mwenyekiti, akajibu kwa kalamu nyekundu:
"Njooni mchukue. Mje mchana."
Hajaja mtu.

Reli mpya, wanasema, itapita kusini,
mwendo wa nusu siku kwa miguu,
itakunywa umeme.
Tumesikia. Vijana wawili wameshakwenda kuitazama;
mmoja amerudi.

Asali yetu ina ladha ya kutu, kidogo, mwishoni.
Wanunuzi wa mjini wanalalamika, wanashusha bei.
Sisi tukilamba ya kwingine
tunarudisha kidole mdomoni mara ya pili,
tukitafuta kilichopungua.