Ruka Hapo

Ghorofa ya pili, juu ya duka la betri za pikipiki,
Nyanzobe ananipaka dawa ya ganzi
kisha ananifunika uso kwa nailoni,
ile ile tunayofungia maandazi.
Dakika arobaini, anasema. Usiongee sana.
Basi nalala kama sangara kwenye barafu,
macho wazi, nahesabu misumari ya dari.

Hela niliyolipa ni madebe tisa ya dagaa.
Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye
kwamba ilikuwa bei ya soda.
Madebe tisa: yameanikwa, yamegeuzwa, yamepepetwa,
yamenusurika kunguru na mvua ya Machi isiyobisha hodi.

Mashavu yangu yana historia fupi.
Chunusi za bweni, nilizozitumbua kwa kucha
usiku wa kuamkia mtihani wa jiografia.
Kisha mkorogo wa kopo lisilo na jina
kwa mwanamke aliyeapa kwa kaburi la mama yake.
Miezi miwili nikang'aa kama sufuria ya harusi.
Mwaka mzima nikaungua.
Na weusi uliporudi
haukurudi kwenye viti vyake vya zamani.

Sasa sindano. Kumi na mbili zimejipanga
kwenye ncha ya kalamu inayovuma
kama nzi aliyenasa kwenye chupa.
Nasikia mtetemo kwenye meno, maumivu yako mbali,
chumba cha jirani.
"Ngozi ni mvivu," anasema Nyanzobe.
"Iumize kidogo, ndipo inakumbuka kujijenga."
Namjibu kwa pua.

Bibi yangu, kule Usagara, alichanjwa kwa wembe,
mistari mitatu pembeni mwa kila jicho,
wakamsugua majivu ili alama isiondoke kamwe.
Yeye alitoa damu apate alama.
Mimi natoa damu alama zinitoke.
Nimelitafuta fundisho hapo, chali kitandani,
nimelikosa.
Angeniuliza tu: na huyu amekutoza shilingi ngapi?

Kalamu inapanda, inafika nyusi ya kushoto.
"Hapa kuna kovu refu. La nini?"

Ndoana.
Nilikuwa na miaka saba, Magesa tisa,
juu ya mawe ya Luchelele, tunavua furu kwa minyoo,
akarusha nyuma bila kutazama.
Alilia kuliko mimi.
Akaichomoa, akaniosha kwa maji ya ziwa,
akaniahidi baiskeli nisimseme.
Sikumsema.
Siku hizi yuko machimboni, Geita au mbele ya Geita,
na kila nikipiga simu yake
mwanamke mpole tusiyefahamiana
ananiambia nijaribu tena baadaye.

"Ruka hapo."
"Litabaki peke yake, dada. Litaonekana zaidi."
"Ruka."
Kalamu ikanyamaza, ikavuka, ikaanza upya kwenye paji.

Masharti: siku saba usiguse jua.
Nikacheka, ganzi ikanipinda mdomo.
Jua ndilo mwajiri wangu!
Mwaloni pale, Kirumba, nani amewahi kukausha dagaa kivulini?

Basi nimekaa nyuma ya magunia kama mwali,
khanga mpaka puani,
na binti yangu Limi, ambaye jina lake kwetu ni jua,
anawageuza dagaa wangu kwa fagio,
anawageuza vibaya, nampigia kelele, hasikii.
Wanawake wa vichanja vya jirani wanapita mara tatu tatu
kununua chumvi wasiyoihitaji.

Siku ya nne nikaanza kupukutika,
vipande vidogo vyembamba kwenye kitambaa cheusi,
nikadhani ni magamba ya kazini.
Chini yake kuna uso. Si mpya. Umetulia kidogo,
kama shuka lililonyooshwa kwa mikono, pasi imekosa umeme.

Limi akaja, ananuka jua na samaki,
akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku
kama anayenunua.
Kidole kikapita shavuni, kikapita pajini,
kikasimama juu ya jicho.
"Na hiki wamekisahau?"

Hicho wakiache, nikamwambia.
Hicho nakidai baiskeli.