Umeme wa Elfu Moja

Saa tatu kasoro, chumbani kwa Bihawa, Newala,
tumebanana mkekani wanawake tisa na mtoto wa kunyonya,
vidole vyeusi kwa mafuta ya ganda la korosho,
tukimngoja mwanamume asiyetujua
afike hospitali akiwa amechelewa.

Tunajua atachelewa. Jana walituonyesha.
Kijana anayetafsiri ana sauti moja kwa watu wote,
mke ni yeye, mume ni yeye, daktari ni yeye,
na leo hata yeye amepunguza utani.

"Nisamehe," anasema yule bwana, magotini, suti imelowa.
Mvua ya kwao inajua wakati wa kunyesha.
Vinanda vinaingia. Somoe anavuta kamasi.
Mama Chiku anamtukana, "Ulikuwa wapi, mbwa wewe!"
huku machozi yamemfika kidevuni.

Mimi nalia kuwazidi.
Wamezoea. Wanasema watu wa maji wangenijua mapema
Newala ingeacha kununua ndoo.

Hawajui simu iliyotetemeka juu ya debe
mara tatu, Oktoba, msimu umechanganya,
jina la Nampota likiwaka, likizima,
nami nikaigeuza kifudifudi
nikaendelea kubangua.
Nilidhani anataka turudiane. Nilidhani anataka hela.
Alikuwa Ndanda, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani,
na sijui alitaka nini.

Msibani nilimenya mihogo.
Nikasugua masufuria hadi nikajiona ndani yake.
Mtalaka halii mbele ya mjane.
Kila chozi pale lilikuwa na mwenyewe;
mimi nilipewa kisu na beseni.
Hakuna kinanda kilichonijia,
ila jogoo wa jirani, na mtu akiuliza chumvi iko wapi.

Ndiyo maana namwonea wivu huyu mwenye suti.
Kosa lake lina saa, lina mvua, lina mashahidi,
kamera inamsogelea mpaka kwenye kope
kana kwamba hatia ni kitu cha kupendeza.

Sasa mkono wa marehemu unatikisika shukani,
kidole kimoja, kidogo tu,

na kioo kinazima.

"Kafufuka?"
"Jamani, kafufuka?"
"Luku imeisha," anasema Bihawa. "Na msinitazame mimi."

Natoa simu ileile.
Nanunua umeme wa elfu moja, peke yangu,
natoka uani, nasimama mbele ya mita.
Somoe ananishikia mwanga, ananisomea tarakimu
nne, kisha nne, kisha nne nyingine,
na kidole changu kilichobabuka kinakosea, narudia,
ndani wamenyamaza kama watu wanaosubiri daktari.

"Mbona unatetemeka?" Somoe ananiuliza.
"Soma," namwambia. "Soma, asamehewe leo leo."