Kaa Chini

Magoti ya Askofu Wilfrid Ormandy
niliyapaka mafuta mimi, miaka miwili,
zamu ya usiku, chumba namba kumi na moja,
Barrow, mji unaounda nyambizi.

Daktari kijana aliyainamia akasema:
"Ama kweli, huyu amesali."
Mzee akafungua jicho moja:
"Lami, kijana. Hiyo ni lami.
Kusali nilisalia kitini, kama mvivu yeyote."

Miaka arobaini, hapana, thelathini na nane
(tusimtilie chumvi, hakuipenda)
kila Alhamisi aliketi mbele ya lango la kiwanda,
kanzu ya zambarau ikinywa mvua kama utambi,
malori yakimngurumia puani.
Polisi walimbeba, huyu kwapa, huyu miguu,
kwa adabu, kama kabati la urithi.
Faini alikataa kulipa. Akafungwa siku kumi na nne,
akarudi na upele na kichekesho kipya.

Mji haukumpenda, tuseme ukweli.
Nyambizi ndiyo iliyonunua viatu vya shule
na meno ya bandia ya mabibi.
Doreen Postlethwaite, mke wa mchomelea vyuma,
alimmwagia chai Alhamisi moja ya Februari.
"Haikuwa na sukari," alinisimulia,
bado amenuna kidogo.

Hayo magazeti yaliyaandika.

Akili ilipoanza kumhama
yalitangulia majina ya wajukuu, kisha zaburi,
kisha Kiingereza chenyewe, neno baada ya neno,
kama wapangaji wanaotoroka kodi.
Na usiku mmoja, saa tisa,
nikimgeuza ubavu asiote vidonda,
akanena kwa lugha yangu:

Simama.
Toa kipande.
Mikono juu.
Kaa chini. Kaa chini! Kaa chini wote!

Haikuwa sauti ya mzee.
Ilikuwa ya mvulana wa miaka kumi na tisa
mwenye bunduki na asiye na ndevu.
Beseni liliniponyoka.

Nyeri, hamsini na nne, jeshi la lazima.
Alinieleza kesho yake, ukungu ulipompisha dakika ishirini:
uwanja wa vumbi, wanawake mia mbili, jua la utosi,
na yeye, aliyefundishwa maneno saba ya Kiswahili,
yote saba amri.
Waliketi tangu asubuhi. Mmoja hakuinuka.
Shuka yake ilikuwa na kiraka cha buluu.
Kiraka alikikumbuka. Jina hakuwahi kuliuliza.

Akanishika mkono. "Dada Mghoi, nisamehe."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisamehe.
Lakini mimi ni Mtaita wa Wundanyi;
mwaka ule babu yangu alikata tiketi za reli,
akalipwa kwa wakati, akanunua baiskeli.
Mimi nilikabidhiwa funguo za kabati la dawa,
si za kaburi la mtu.
Nikasema: "Askofu, huo sina."
Akatikisa kichwa polepole,
kama mtu aliyeulizia dukani
kitu anachojua kimekwisha.

Alfajiri, nikirudi nyumbani, basi lilipita langoni.
Lami ilikuwa imelowa, haina mtu.
Ndipo nikaona: ile amri ya Nyeri
hakuna aliyewahi kuitengua.
Wenzake aliowaamuru waliinuka au walizikwa,
ikabaki kutiiwa na yeye.

Usiku uliofuata nikamfundisha neno la nane.
*Inukeni.*
Lilimshinda. Alisema *inokeni*, alisema *nukeni*,
nikacheka, naye akacheka, mate yakamtiririka,
nikampangusa, tukaanza upya.

Wiki ya tatu, Jumanne, kabla ya vidonge,
aligeukia ukuta, akalitamka lote, sawasawa.
Kisha akanyamaza, kama anayesubiri.
Nami nilisubiri kidogo,
nikiwa nimeshika glasi ya maji,
nikitazama ukuta.