Mstari wa Kwanza

Mama hakusoma. Mimi ndimi kalamu yake.
Alhamisi nikitoka shule ananingoja mlangoni,
kitenge kipya, ndala za zamani,
na daftari la kava la bluu amelifunga kwenye mfuko wa sukari,
mvua isije ikajua majina ya watu.

Tunashuka Ndosho, avenyu baada ya avenyu,
juu ya mawe meusi yaliyowahi kuwa moto
na leo ni ukuta, ni mafiga, ni kizingiti cha choo.
Hapa hapachimbiki.
"Sururu inalia, shimo haliendi," Mama husema,
"kwa hiyo kinyesi chetu kinakaa nasi kama mgeni asiyeaga.
Tusipokichunga, kitakula sahani moja na watoto."

Kwa Mama Habamungu anaanzia kwenye bidoni.
Hasemi "maji machafu". Hamwaibishi mtu uani kwake.
Anauliza: Haya umeyateka wapi? Ziwani?
Ulipita kwa yule kijana wa klorini, mwenye bomba la sindano,
au uliikwepa foleni?
Mama Habamungu anacheka, anajikuna shingo:
Niliikwepa. Maji yake yananuka hospitali.
"Hospitali yenyewe inanuka zaidi."
Naandika: bidoni mbili, bila dawa. Turudi kesho.

Anazungusha utepe kwenye mkono wa mtoto.
Rangi ya manjano.
Mama hapandishi sauti. Anaomba sufuria,
anaomba mahindi, mtama, soya kidogo,
na kama kuna sambaza zilizokaushwa, zitwangwe humo humo.
Baba Sikuli, jirani, anachungulia juu ya ua:
Soya! Hiyo si ya kulishia nguruwe?
Mama anamjazia kikombe cha uji bila neno.
Akarudisha kikombe kitupu, akabaki amesimama.

Usiku wa Jumapili ndiye aliyegonga.
Mtoto begani, kichwa kimelala kama nguo mbichi,
macho yameingia ndani, machozi hayatoki.
Mama hakuvaa hata kilemba.
Chupa ya lita moja, maji yaliyochemshwa jioni,
sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko,
mimi nashika tochi, midomo yangu inahesabu pamoja naye.
Kijiko. Ngoja. Kijiko.
Akatapika. Ngoja kidogo. Kijiko.
Tukapanda pikipiki sote, watu wanne na chupa,
na gizani, kwenye mashimo ya barabara,
Mama alikuwa bado ananywesha.
Muuguzi Leokadia alipofungua mlango wa kituo
mtoto alikuwa analia, na safari hii machozi yalionekana.
Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Daftari sasa lina nyumba sitini na mbili.
Mstari wa kwanza hauna kitu.
Siku ya kwanza niliposhika kalamu aliniambia: Ruka huo.
Nikadhani ni desturi,
kama tone la kwanza la pombe linavyomwagwa chini.

Juzi, tukipumzika juu ya jiwe karibu na kisima cha saruji,
aliuwekea kidole.
Hapa ni pa Katembo.
Ulikuwa hujazaliwa, tulikuwa Kanyabayonga bado.
Nilimnyima maji siku mbili
kwa sababu wakubwa walisema: maji ndiyo yanayomtoka, usimwongeze.
Nilimpenda. Nikawasikiliza wao.

Chukudu ikapita na magunia ya makaa,
akaingoja iishe kelele.

Nikamuuliza: Niandike jina lake sasa?
"Acha," akasema. "Huo mstari mimi naweza kuusoma."

Akajifuta magoti, akafunga daftari kwenye mfuko wake.
Nyumba ya sitini na tatu ina mbwa mkali.
Tukaokota fimbo.