Mkasi wa Mwezi wa Tano

Baridi imeingia Katuba bila hodi.
Jana dalia zilisimama wima, nyekundu, zina majivuno;
leo majani yamelala meusi
kama maganda ya ndizi yaliyokesha nje.

Numbi ananiita kutoka ng'ambo ya ukuta:
«Kata sasa! Unangoja nini?»
Yeye amekwisha kufyeka kila kitu, hata mchaichai.
Parseli yake imenyolewa kama kichwa cha mfiwa.

Nangoja, labda, mtu wa kunishikia ndoo.
Kyembe alikuwa na siku yake:
Jumapili baada ya misa, viatu vimevuliwa,
sekateri imeoshwa kwa mafuta ya taa.
«Kana, ngumi moja juu ya udongo,» alisema,
«ngumi yangu, si yako.»
Nami nilicheka, nikapima kwa yangu.
Alikwenda Kolwezi mvua ikiwa bado nene.
«Nitarudi kabla ya baridi. Usiguse maua.»

Baridi ya mwaka jana ilifika peke yake.
Sikugusa.
Mabua yakaoza yamesimama,
vumbi jekundu likayavika hadi shingoni,
na mvua ya mwezi wa kumi ilipokuja
ikakuta njia zimezibwa na vilivyokufa.
Dalia mbili tu zilichomoza humo, zimepinda.

Kukata shauri, kukata tamaa:
kinywani ni mkasi mmoja.
Mkononi sivyo. Mkono unalijua
bua kavu linalosema ka!
na bua lenye maji, linalokataa.

Nimeanza na kana. Ngumi yangu.
Nimechimba dalia; viazi vyake
vina baridi, vinanuka mvua ya zamani.
Nimevipanga ndani ya shati lake la kazi, lile la buluu
lililobaki na kifungo kimoja,
nikafunga mikono yake fundo,
nikaliweka juu ya kabati.

Hotensia nimeiacha.
Kichwa chake kimekauka, rangi ya chai iliyosahauliwa,
lakini nimefunua kwa kidole, na chini yake
kuna jicho la kijani, dogo kama punje ya mtama.
«Hiyo imekufa!» Numbi anapaza sauti.
Nimemwambia angoje mwezi wa nane.

Umeme umekatika tena.
Naosha sekateri gizani,
na mafuta ya taa yananichoma
pale mwiba wa waridi ulipopita.